Mbavu Zilizoloweshwa Mara Mbili

Duka la Miwani la Mi-gyeong,
Mtaa wa Soko la Zamani,
Naju, Jeolla Kusini.

9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Jae-hong,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Buenos Aires? Kifua kile kilichokuwa kikikubana kila baridi ikianza kimepata nafuu, au huko baridi nayo inakuja miezi ya kinyume ikakuchanganya? Na yule binti uliyemtaja kwenye ujumbe wa mwaka juzi, bado mko pamoja, au niache kumtaja? Kama mko pamoja, msalimie. Kama hamko pamoja, salamu hizo zichukue wewe.

Sisi hatujambo, kwa kadiri watu wa umri wetu wanavyoweza kuwa hawajambo. Shemeji yako Sang-cheol mgongo unamuuma kila anapoombwa kubeba kitu, na unapona kila anapoalikwa kwenda kuvua samaki. Mpwa wako Da-on, ambaye hujamwona ila kwenye picha, ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama birika linaloanza kuchemka. Duka linakwenda. Watu wa Naju wanazidi kuzeeka, na macho yao yanazeeka nao, hivyo sina cha kulalamika.

Peasi za mwaka huu zilikuwa nyingi na kubwa. Persimoni tumeshazimenya na kuzining'iniza barazani zikauke. Shangazi Geum-ja anapita chini yake kila siku na kuondoka na moja mkononi, halafu anauliza kwa nini kamba za kwetu zina mapengo.

Labda unashangaa kupata barua. Nikikupigia simu hupokei, na nikikutumia ujumbe unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Barua haijibiki kwa kidole gumba, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Neno kubwa ni sikukuu ya mama. Mwezi uliopita ametimiza miaka sabini, na unajua kwetu sabini si siku ya kupita kimya kimya. Shangazi alitaka tukodi ukumbi, wenye vipaza sauti na mtu wa kuchekesha wageni. Mama akakataa. Alisema amekula kwenye kumbi zote za Naju kwa ajili ya harusi za watoto wa watu, na hajawahi kutoka ameshiba. Baba akasikiliza mpaka walipochoka, akasema neno moja tu kwamba mbavu atachoma mwenyewe, nyumbani. Shauri likaishia hapo.

Tangu mkahawa wa mbavu wa baba ufungwe, meza zote ziliuzwa isipokuwa ile ya dirishani, yenye tundu la jiko katikati. Baba aliihamishia kwenye baraza ya nyuma na kuifunika turubai, na kila mwezi anaifunua, anaipangusa, anaifunika tena. Sang-cheol aliwahi kumuuliza kwa nini asiitupe. Kwa wiki nzima baba alimwita kwa jina la ukoo, "Bwana Pyo," badala ya "mkwe."

Sheria za koleo la baba unazijua kuliko mimi, ila naziandika kwa sababu ndizo zilizotufikisha tulikofika siku ile. Mchomaji ni mmoja. Nyama hugeuzwa mara moja, na anayegeuza mara mbili hupelekwa jikoni akale kabichi ya kimchi na wali peke yake. Mchomaji hali mpaka watu wote mezani washibe, wala haonji. Baba alikuwa akisema kwamba mtu anayeonja nyama aliyoilowesha mwenyewe haamini mikono yake. Na koleo lenyewe halilazwi mezani. Likitoka mkononi mwake linaingia mkononi mwa mtu mwingine, na kwa miaka yote ile mtu huyo alikuwa wewe. Mimi nilipewa mkasi wa kukatia nyama, mara mbili tatu, wakati wewe una mafua.

Ile jioni ulipovua aproni mbele ya wateja ukasema hutaki kunuka moshi maisha yako yote, sisemi ulikosea. Sisemi pia ulipatia. Nakukumbusha tu alichosema baba, kwa sababu ulishakuwa mlangoni na labda hukukisikia chote. Alisema, "Kuanzia leo nina mtoto mmoja." Tangu tuzaliwe alikuwa akimwita mama "Mama Jae-hong," ingawa mimi ndiye niliyetangulia. Usiku ule akaanza kumwita "Mama Mi-gyeong." Nilikuwa mtu mzima nina duka langu, ndipo nikapandishwa cheo na kuwa mtoto wa mama yangu. Jina lako halikutajwa tena ndani ya nyumba ile kwa miaka tisa. Shangazi alikuita "yule wa ng'ambo," tena kwa kunong'ona, tena baba akiwa chooni.

Basi turudi kwenye mbavu. Baba alizifuata mwenyewe kwa mchinjaji, akazichagua moja moja, akaziloweka majini zitoe damu, akazifungua kwa kisu zikawa ndefu na nyembamba zikining'inia kwenye mifupa yake. Ijumaa jioni mama alinipigia simu kuniambia nisisahau mwani wa supu, na katika mazungumzo akasema, "Baba yako amemaliza kuzilowesha kwa sosi na viungo. Beseni liko kwenye friji ya kimchi, na amenikataza kuisogelea."

Jumamosi asubuhi nilifika mapema kupika supu ya mwani. Baba nilimkuta jikoni amekunja mikono ya shati, beseni liko mbele yake. Alikuwa anakuna peasi na kupiga mluzi.

"Baba, umeamkaje?"

"Sina nafasi ya kuamkiwa. Nisogezee hicho kitunguu saumu."

Nikamsogezea. Akatia kitunguu saumu, akatia mafuta ya ufuta, akainua chupa ya sosi ya soya akamimina kwa mkono uleule wake usiopima. Mama alikuwa kwenye kizingiti na taulo mkononi, anamtazama. Mimi nilikuwa na sufuria yangu na mawazo yangu. Nilichokumbuka ni kwamba mluzi ule sikuwa nimeusikia muda mrefu.

Adhuhuri mama alivaa lile vazi lake la rangi ya jani bichi na sketi ya damu ya mzee, akakaa juu ya mto wa sakafuni, nasi tukamsujudia kwa zamu. Alipendeza. Da-on alisujudu vizuri kisha akasahau kuinuka kwa sababu aliona sisimizi sakafuni. Sang-cheol alisujudu vizuri pia, ila mgongo ulimshika akiwa chini, ikabidi mimi na shangazi tumwinue kwa kwapa. Shangazi akamwambia mama, "Wifi, mkwe wako anakuheshimu mpaka anashindwa kusimama." Mama alicheka hadi akashika ubavu. Mpaka hapo sikukuu ilikuwa nzuri kama sikukuu nyingine yoyote.

Tulipokaa mezani baba alikuwa kazini tayari, taulo shingoni, koleo mkononi. Mkaa wa mwaloni ulikuwa umekolea, mwekundu bila moshi. Alitandaza mbavu za kwanza juu ya wavu, akasubiri, akageuza mara moja. Alipozikata kwa mkasi alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Alichukua jani la saladi, akaweka kipande cha nyama, akaweka wali kidogo na rojo la soya, akalifunga, akamnyooshea mama mdomoni mbele yetu sote.

"Fungua mdomo, Mama Jae-hong," akasema.

Shangazi aliacha kijiti kimoja cha kulia kikaanguka. Sang-cheol alinitazama. Mama alifungua mdomo, akapokea, akaanza kutafuna, na macho yake yakajaa machozi. Nilifikiri ni kwa sababu ya jina. Halafu baba akanipa kipande changu, nikakitia mdomoni, nikafikiri ni kwa sababu ya chumvi. Mpaka leo sijajua ni kipi kati ya viwili hivyo, na mama sikumuuliza.

Jae-hong, nyama ile ilikuwa chumvi tupu. Sijui nikueleze vipi. Ulimi ulikauka kama umelamba jiwe la kunolea. Hapo ndipo Ijumaa na Jumamosi zilipokutana kichwani mwangu, simu ya mama na ule mluzi wa asubuhi, nikajua mbavu zimeloweshwa mara mbili. Na baba, kwa sheria yake mwenyewe, hajaonja.

"Vipi?" akauliza.

"Imekolea," mama akasema.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kingine. Mwenye siku amesema imekolea, wewe ni nani useme haikukolea? Tukala. Shangazi alifunga kipande kimoja kwa majani manne, akajaza wali mpaka nyama haionekani. Sang-cheol alikunywa maji kama mtu aliyetoka shambani. Da-on, ambaye bado hajajifunza adabu ya watu wazima, alianza, "Babu, hii nyama ina—" na shangazi akamsukumia kipande cha peasi mdomoni, akamalizia yeye, "ina afya. Tafuna, mjukuu wangu."

Majani ya saladi yakaisha kabla nyama haijafika nusu. Sang-cheol akatumwa kwa jirani yetu, Bibi Noh, aombe mengine bustanini. Akarudi na kapu, na ujumbe juu yake. Bibi Noh alikuwa ameuliza kama tumealika ng'ombe waje wale au waliwe.

Tulicheka sana kwa maneno hayo, kuliko yalivyostahili. Baba alicheka nasi. Alikuwa na furaha, Jae-hong. Kila mtu mezani alijua kwamba tukishashiba sisi, atakaa yeye, atatia kipande mdomoni, na ataonja kosa lake kwenye nyama ambayo watu walikuwa wakija kuifuata kutoka Gwangju. Watu wengine hujivunia mashamba. Baba hana kingine, ana ulimi wake na mikono yake. Sikuwa na hofu ya chumvi. Hofu yangu ilikuwa zamu yake ya kula.

Akaendelea kuchoma. Akainamia wavu, akasema kama anazungumza na mkaa, "Moto umezidi upande huu. Jae-hong angekuwa ameshauona." Halafu akainua kichwa. "Kwani huyu kijana mbona hajaja? Leo si siku ya mama yake?"

"Kaka," shangazi akasema, "si wewe mwenyewe ulise—"

Mama alimkanyaga. Niliona meza ikitikisika.

"Nilisema nini?"

"Ulisema moto uko sawa."

"Nimesema moto umezidi, sasa hivi, hapa hapa. Geum-ja, masikio yako yamekutangulia kuzeeka."

"Yamenitangulia, kaka. Tumbo ndilo limebaki nyuma, naona linaomba wali."

Unajua kazi yangu. Nimekaa miaka mingi mbele ya watu wanaojifanya wanasoma herufi wasizoziona. Yule anayebahatisha namjua. Macho hukaza, mdomo hutangulia, jibu linakuja kwa kupandisha sauti mwishoni. Nilimtazama baba vizuri, kama ninavyotazama mteja. Hakuwa anajifanya. Hakuwa amekusamehe wala hakuwa ametukomoa. Alikuwa mtu anayeuliza kwa nini mwanawe amechelewa kufika mezani.

Zamu yake ikafika. Sang-cheol, nitamkumbukia hilo siku zote, alijaribu kutuokoa. Akanyoosha bakuli lake na kusema, "Baba mkwe, hivi viwili vya mwisho naviomba mimi."

"Leo mkwe wangu ana njaa gani?"

"Nyama yako, baba, haiachiki."

"Nyingine iko kwenye beseni. Na mimi nile."

Mama akamtangulia. Alichukua majani matatu, akaweka wali mwingi, vipande vya peasi, na nyama ndogo kama ukucha, akafunga akamlisha. Baba akatafuna. Akatafuna polepole zaidi. Akaacha kutafuna. Alimeza, akageuka akalitazama beseni kwa muda, halafu akamtazama mama.

"Mama Jae-hong. Nililowesha lini?"

"Jana."

"Na leo asubuhi?"

"Na leo asubuhi."

Mkaa ulipasuka kidogo. Da-on alikuwa anafungua mdomo na shangazi akaweka kiganja juu yake.

"Mbona hamkusema?"

"Mwaka wa arobaini na tano huu nakula unachonipikia na sijalalamika," mama akasema. "Nianze leo, siku yangu mwenyewe?"

Shangazi akaangua kicheko, kisha kile kicheko kikamgeukia, akalia, akasingizia moshi. Hakukuwa na moshi. Baba alisimama pale na taulo lake shingoni. Sijawahi kumwona amesimama bila kujua afanye nini mbele ya moto. Akatutazama mmoja mmoja, koleo mkononi, nikaelewa kwamba anatafuta mtu wa kumpa. Mkono wa Sang-cheol ulishaanza kwenda, akampita. Akanipita mimi. Macho yakatua pale kati yangu na ukuta, mahali ulipokuwa ukikaa wewe, pale penye mto mtupu, yakakaa hapo.

Niliona wivu, Jae-hong. Nakuambia wazi, kwa sababu hakuna maana ya kuandika barua ndefu hivi na kuficha hilo. Ni mimi niliyebaki. Ninampeleka kliniki, namnunulia viatu, najua dawa ipi anaificha kwenye chungu cha maua. Na bado macho yake yalinipita yakaenda kwenye mto usio na mtu.

Halafu akarudi kwangu akanipa koleo.

"Shika wewe," akasema, "mpaka aje."

Nikashika. Nilizisuuza mbavu zilizobaki kwa maji ya peasi, nikazikamua, nikazitandaza. Niligeuza mara moja tu. Upande mmoja uliungua. Baba alionja na kusema ni chapwa. Da-on alisema ndizo tamu kuliko zote, kwa kuwa hazimchomi penye mapengo, na safari hii hakuna aliyemziba mdomo.

Baadaye nikiosha vyombo na mama nilimuuliza kama asubuhi ile alipokuwa kizingitini aliona. Akasema aliona tangu peasi ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakumzuia. Akaendelea kusugua wavu, akanijibu, "Alikuwa anapiga mluzi, mwanangu. Nani angemkatiza kwa ajili ya chumvi?"

Hapo ndipo akaniambia mengine. Tangu masika baba amekuwa akimuuliza habari zako, hasa Jumapili. Mara ya kwanza mama alidhani hasira zimeisha, akafurahi. Alipomgusia maneno ya ile jioni, baba akamshangaa, akamuuliza nani amemwambia uongo huo. Tangu hapo baba akimuuliza kwa nini huji, mama humwambia njia ni ndefu. Baba hukubali. Husema kweli, njia ni ndefu, na hurudi kwenye persimoni zake.

Mama alinikataza nisikuandikie. Anasema mtu aliyeondoka kwa miguu yake arudi kwa miguu yake, asivutwe kwa kamba ya ugonjwa. Nimemsikiliza, kisha nimekuandikia.

Wiki iliyofuata sikukuu nilimpeleka baba hospitali. Daktari ni kijana mpole, alimtaka achore saa, akaichora vizuri, hata akamuuliza daktari kama saa yake imeharibika. Alimtaka ataje majira, akataja. Alimpa maneno matatu ayashike, akayaacha yote mezani alipovaa koti. Ugonjwa ndio unaanza, daktari alisema, na unaweza kwenda polepole. Polepole kiasi gani, hakusema. Halafu, akiwa anajaza habari zake, akamuuliza ana watoto wangapi.

"Wawili," baba akasema. "Mkubwa ni huyu hapa, muuza miwani. Wa kiume yuko njiani."

Daktari akaandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hali ndiyo hiyo. Ule ugomvi wenu sasa unakumbukwa na mtu mmoja tu kati yenu, na mtu huyo si baba. Ukija usije na maneno ya kuomba radhi, hatajua unaomba radhi ya nini, na itabidi mama amweleze, na utakuwa umemrudishia kidonda ambacho kimemtoka chenyewe. Kama wewe ndiye unayesubiri kuombwa radhi, basi umechelewa, na kwa hilo nakupa pole ya kweli. Mimi ni dada yako, najua na wewe uliumia.

Ila wewe bado anakujua. Jina lako analijua, mahali pako mezani anapajua, anajua kwamba ungeona moto umezidi. Sijui kipi kitafuata kumtoka. Njoo Mwaka Mpya wa kwetu, mwezi wa pili. Usibebe zawadi. Nasikia huko nako wanachoma nyama sana, wala hawaikati kwa mkasi, hivyo nadhani una njaa ya miaka tisa. Njoo na hiyo.

Shangazi Geum-ja anakusalimu, na siku hizi anakutaja kwa jina, kwa sauti, hata baba akiwepo. Sang-cheol anakusalimu na kuomba umletee dawa ya mgongo kama huko ipo. Da-on anauliza mjomba ana meno mangapi. Bibi Noh anakusalimu pia, amepanda saladi mara mbili ya mwaka jana. Mama hakukutumia salamu kwa sababu hajui kama nakuandikia, lakini mto wako ameutoa nje juzi ukapigwe jua.

Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia, na akufikishe nyumbani kungali na mtu wa kukupokea kwa jina lako.

Ni mimi nikupendaye, ninayeshika koleo mpaka uje,

Dada yako,
Mi-gyeong